Jicho la pili kabla ya kuuza: namna ya kuhakikisha daraja la sarafu ya zamani ukiwa Unguja au Pemba

Mtu anayetaka kuinunua sarafu yako hakupi maoni juu ya daraja lake, yaani kiwango cha hali yake. Anakupa bei, na daraja analolitaja limeshonwa kwa kipimo cha bei hiyo. Si lazima awe mwongo. Ndivyo biashara ilivyo. Ukimwonesha mwenye duka wa Hurumzi riyali ya Sayyid Barghash, akaipindua mara mbili na kusema "imekwenda hii, VF ya chini" (VF ni daraja la katikati kwenye ngazi ya madaraja), basi keshakueleza atakachotoa mfukoni kabla hajatamka shilingi. Na jamaa yako wa Muscat aliyeiona kwenye simu akasema "mpya kabisa hii!" hana anachopoteza kwa kukufurahisha. Baina ya kauli hizo mbili pana fedha nyingi, na yafaa ujue zimelalia wapi kabla hujapokea hata thumni ya mtu.

Nayaandika haya kwa aliyeachiwa sarafu moja mbili na wazee wake, na kwa anayekusanya kidogokidogo na sasa anataka kutoa baadhi. Mfanyabiashara wa minada ya nje ana njia zake.

Hatua ya kwanza: jua una nini mkononi

Huku kwetu kila sarafu nzee ni "ya Barghash". Nyingi si zake. Sarafu zake zina miaka miwili tu ya Hijria, 1299 (yapata 1882) na 1304 (yapata 1887). Inayopatikana zaidi ni pesa ya shaba, yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Riyali ya fedha ya 1299 ni adimu, na zile za dhahabu za riyali mbili na nusu na riyali tano ni adimu zaidi. Kisha ziko za Sayyid Ali bin Hamud za mwaka 1908: senti 1 na senti 10 za shaba, na senti 20 ya nikeli, zenye picha ya mti upande mmoja. Hizi hazikuzunguka sana, ndiyo maana wakusanyaji wanazitafuta.

Vilivyobaki kwenye mikebe ya nyumbani ni mchanganyiko: rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, zilizotumika hapa hadi rupia ilipoiachia nafasi shilingi ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1936, rupia, pesa na heller za Wajerumani zilizovuka kutoka bara, shilingi zenye simba, na riyali za Maria Theresa, zile kubwa za fedha.

Hapa pana mchujo wa mwanzo. Riyali ya Maria Theresa huandikwa 1780 hata kama imepigwa chapa karne ya ishirini. Zilitolewa Vienna, na kwa nyakati mbalimbali zilitolewa pia London, Brussels, Bombay na kwengineko, daima kwa mwaka huohuo mmoja. Kwa nyingi ya hizo bei ni ya fedha iliyomo ndani, gramu 23 na kitu, na wala si ya daraja. Kumlipa mtu akupimie daraja lake ni kutupa pesa, isipokuwa mjuzi amekuonesha kuwa yako ni ya toleo la zamani kweli. Rupia za kawaida za Victoria zilizochakaa nazo ni hivyohivyo.

Mchujo wa pili si wa bei, ni wa sheria. Ikiwa sarafu imetoka ardhini, vijisarafu vidogo vya fedha au shaba vyenye majina ya masultani wa Kilwa au wa visiwani, usitafute daraja wala mnunuzi. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, iliibuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na mengi tunayoyajua juu ya biashara ya visiwa hivi katika karne ya 11 yametokana na hazina ile. Vitu vya namna hiyo ni mambo ya kale. Vipeleke kwa wahusika wa makumbusho, na ukumbuke uliviokota wapi khasa, kwani mahali pana thamani kuliko kitu chenyewe.

Kilichobaki baada ya michujo hiyo ndicho cha kukihangaikia.

Hatua ya pili: ielewe ngazi

Ngazi inayotumika zaidi katika minada ya kimataifa ina namba 1 hadi 70. Aliyeianzisha ni Mmarekani William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na baadaye ikatandazwa kwa sarafu za dunia nzima. Kuanzia 60 hadi 70, ikitanguliwa na herufi MS, ni sarafu isiyowahi kutumika. AU, 50 hadi 58, imeguswa kidogo tu kwenye vilele vya picha. XF au EF ni 40 na 45. VF ni 20 hadi 35, F ni 12 na 15, kisha VG na G chini yake, mpaka 1 ambayo unaitambua tu kuwa ni sarafu gani.

Waingereza hupenda kutaja herufi bila namba: Fine, VF, EF, UNC (isiyotumika). Wajerumani wana yao, na ukiuza rupia au heller za Ujerumani utakutana nayo: *schön*, *sehr schön*, *vorzüglich*, *Stempelglanz*. Usidanganyike na neno *schön*, ambalo kwa Kijerumani cha kila siku ni kitu kizuri. Kwenye sarafu ni daraja la chini, karibu na F.

Kuna kisanduku cha pembeni ambacho kwa sarafu za Zanzibar ni muhimu kuliko namba zote hizo. Kampuni za kupima madaraja zikiikuta sarafu ni halali lakini imesuguliwa, imetobolewa, imeng'olewa kikuku cha kuvalia au imeliwa na kutu, haziipi namba. Zinaandika *Details*, pamoja na kiasi cha uchakavu na kasoro iliyoonekana. Sarafu yenye XF safi na sarafu yenye *XF Details, Cleaned* zaweza kufanana kwa jicho lako na zikaachana sana kwa bei. Hapa visiwani, ambako riyali zilining'inizwa shingoni na shaba zikasuguliwa kwa ndimu na majivu kila Idi, swali lako mara chache litakuwa ni 63 au 64. Litakuwa: imesafishwa, au haijasafishwa?

Jicho la pili unalitafutia jibu la swali hilo kwanza.

Hatua ya tatu: usiisafishe, kisha uitazame mwenyewe

Usiisafishe. Si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno, si kwa ile dawa ya kung'arishia birika, wala kwa kitambaa laini cha miwani. Najua shaba nyeusi inakera na mnunuzi anataka kitu kinachong'aa. Mnunuzi wa mapambo, ndiyo. Mkusanyaji anautaka weusi ule, kwani ndio shahada ya kuwa haijaguswa. Ukiona unga wa kijani kibichi uliofifia unaoongezeka wiki hadi wiki kwenye shaba, hiyo ni kutu hai inayoletwa na chumvi na unyevu, na hewa yetu ina vyote viwili. Itenge na wenzake, iweke pakavu pamoja na vijipakiti vya silika, na uitaje kwa kila utakayemuonesha. Usiikwangue.

Itoe pia kwenye vifuko laini vya plastiki vya zamani. Vile vyenye PVC hutoa mafuta ya kijani yanayoila sarafu, na joto huyaharakisha.

Sasa kaa barazani mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, au usiku chini ya taa moja tu. Tandika kitambaa. Ishike sarafu kwa ubavu, vidole viwili, usiguse uso wake. Chukua lenzi ya sonara, ile ya mara tano au kumi. Zaidi ya hapo utaona maradhi yasiyokuwepo.

Anza na sehemu zilizoinuka. Kwenye pesa ya Barghash tazama kamba nyembamba za mizani na ncha za maandishi; kwenye rupia tazama nywele za kichwani na shavu. Uliza: pamelainika kwa kuguswa, au hapakujaa tangu ilipopigwa chapa? Hili huwachanganya hata wazoefu. Mahali palipochakaa huwa laini, pana rangi tofauti na pembeni yake, na mng'ao umekatika. Mahali ambapo chapa haikujaa huwa butu lakini mng'ao wake ni uleule wa jirani. Mwenye kukuharakisha atakwambia ni uchakavu.

Halafu izungushe taratibu chini ya taa. Sarafu isiyosuguliwa ina mng'ao unaotembea, kama miale inayoizunguka sarafu unapoigeuza. Iliyosuguliwa humeta yote kwa pamoja, imekufa. Tafuta michirizi myembamba inayokwenda upande mmoja, mingi, sambamba: hiyo ni alama ya kitambaa. Mikwaruzo ya matumizi huenda huku na huku. Kwenye shaba, rangi ya waridi iliyochangamka katika sarafu yenye zaidi ya miaka mia moja inataka maelezo. Tazama pia ndani ya herufi: uchafu mweusi ukiwa umejikusanya mashimoni huku uwanja wa pembeni umetakata, mtu alisugua juu akashindwa kufika chini.

Mwisho, pitisha kidole cha mawazo kwenye ubavu wote. Mwanya uliojazwa, alama ya risasi ya kulehemu, kijitundu kilichozibwa: riyali na rupia zetu nyingi ziliwahi kuwa vidani. Sonara mzuri wa zamani aliziba tundu ukaona haya kumuuliza. Lenzi haioni haya.

Hatua ya nne: ipime

Uzito na ukubwa havikwambii daraja, lakini vinakuepusha na aibu ya kuomba daraja la kitu cha bandia. Tafuta mzani wa sonara wenye tarakimu mbili baada ya nukta. Riyali ya Maria Theresa ni gramu 28.07. Rupia ya India ni 11.66, na rupia ya Wajerumani imefuata uzito huohuo, ya rupia mbili ikiwa 23.32. Rupia 15 za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zenye tembo, ni gramu 7.17, hiyo ikikujia kwa bei ya rafiki, jua nakala zake ni nyingi. Uchakavu hupunguza uzito kidogo. Kuzidi ni dalili mbaya kuliko kupungua.

Kwa fedha kuna kipimo kizuri kisichohitaji mashine. Weka glasi ya maji safi juu ya mzani na uurudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi, izamishe majini ininginie bila kugusa chini wala kuta. Soma namba. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Riyali halali ya gramu 28.07 itaonesha kama 2.75, na jibu ni 10.2 hivi. Rupia yenye fedha nyingi zaidi hukaribia 10.3. Ukipata 8 au 9, una shaba iliyopakwa. Ikaushe kwa kuigandamiza kidogo kwenye kitambaa, usiipanguse, na usikifanye kipimo hiki kwa shaba yenye kutu hai.

Sumaku nayo itumie, ila usiiamini peke yake. Fedha na shaba hazivutwi, lakini nikeli tupu huvutwa, na bandia nyingi zimetengenezwa kwa madini yasiyovutwa. Riyali ya Maria Theresa isome pia ubavuni: lazima uone *IUSTITIA ET CLEMENTIA* kwa herufi zilizoinuka. Ubavu mtupu, au wenye mstari wa mshono katikati, umekwisha kukujibu.

Baada ya hapo andika daraja lako mwenyewe kwenye karatasi, pamoja na sababu mbili tatu. Ikunje. Hutaionesha kwa mtu bado.

Hatua ya tano: mtafute asiyenunua

Huku visiwani hatuna kampuni ya kupima madaraja, na wajuzi wametawanyika. Kila mmoja ana anachokijua, na kosa ni kumuuliza asichokijua.

Sonara anajua madini. Atakwambia kama ni fedha, kama tundu limezibwa, kama kuna risasi. Daraja si kazi yake, na akikutajia bei ni bei ya kuyeyusha. Makumbusho, iwe Mji Mkongwe au kule Ngome Kongwe ya Chake Chake, wanaweza kukusaidia kusoma maandishi, mwaka wa Hijria na historia. Usiwaulize thamani ya soko, na uwaheshimu wakikataa. Mwenye duka la vitu vya kale anajua bei ya mtalii, ambayo haina uhusiano mkubwa na daraja. Na wako wakusanyaji wakongwe, wazee wa mitaani wenye albamu, ambao jicho lao ni hazina kubwa kuliko wanavyojisifu. Hao ndio wa kuwaendea kwanza.

Unavyouliza ndivyo utakavyojibiwa. Usitaje daraja ulilopewa, usitaje bei uliyotajiwa, usiseme nani ameshaiona. Akilini mwa mtu, namba ya kwanza aliyoisikia hung'ang'ania. Ukimwambia "fulani kasema XF" atazunguka hapohapo, juu kidogo au chini kidogo. Na weka wazi tangu mlangoni kuwa huuzi leo:

"Sabalkheri mzee. Siuzi leo, na wala sijaja kuulizia bei. Naomba jicho lako tu."

Akiikubali, maswali ni manne. Ni halali? Imewahi kusafishwa au kutengenezwa, na umeona wapi? Ungeiweka baina ya daraja gani na gani? Na ni sehemu ipi iliyokufanya usiiweke juu zaidi? Swali la nne ndilo linalotenganisha mjuzi na mkisiaji. Mjuzi ataweka ncha ya kijiti karibu na mahali fulani na kusema "hapa". Mkisiaji atairudisha mkononi mwako na kusema imechakaa kwa jumla.

Ikiwa huna budi kumuuliza mfanyabiashara, kwa sababu ndiye pekee anayejua, muombe akuoneshe sarafu ya aina hiyo anayoiuza *yeye* na aliyoiandika daraja hilohilo. Mbele ya sarafu mbili zilizolala pamoja, maneno hupungua.

Wauliza wangapi? Wawili wasiojuana wanatosha kwa sarafu ya kawaida. Wa tatu mtafute pale wawili wanapopishana juu ya usafishaji.

Hatua ya sita: jicho la mbali, kwa picha

Wajuzi wengi wa sarafu za Afrika Mashariki wako Uingereza, Ujerumani, Marekani na Uarabuni. Picha nzuri itawafikia. Picha mbaya itakuletea majibu ya adabu tu.

Simu yatosha. Isimamishe juu ya vitabu viwili, lenzi ikitazama sarafu moja kwa moja kutoka juu, mwanga wa dirishani ukitokea ubavuni, bila flashi na bila programu ya kurembesha. Piga pande zote mbili, kisha piga tena kila upande sarafu ikiwa imeinuliwa kidogo ukingo mmoja, ili mng'ao na michirizi vionekane. Piga ubavu. Piga kasoro kwa karibu; anayeificha kasoro anajinunulia daraja la uongo ambalo mnunuzi atalivunja siku ya mwisho. Tuma na uzito, kipenyo, na mwaka kama ulivyoandikwa.

Ujumbe uwe mfupi, kitu kama hiki: "Salamu. Nina pesa ya shaba ya Zanzibar ya 1299, uzito na kipenyo nimeviandika chini. Sijaisafisha mimi, ya kabla yangu siyajui. Naomba maoni yako juu ya uhalali, dalili za kusafishwa, na daraja kwa makadirio. Siuzi kwa sasa." Mengine wacha.

Kisha jibu lipokee kwa kiasi chake. Kwa picha mtu anaweza kutofautisha VF na XF, anaweza kuitambua bandia ya wazi, anaweza kushuku usafishaji. Hawezi kukuthibitishia kuwa AU ni MS, kwani tofauti hiyo iko kwenye mng'ao unaotembea, na picha imesimama. Anayekuahidi MS 65 kwa picha ya simu, muulize kama atailipia kama MS 65.

Hatua ya saba: yasome majibu

Sasa kunjua karatasi yako. Wawili wakipishana hatua moja, mmoja VF 30 na mwengine VF 35, hapo hakuna mgogoro. Hata wapimaji wa kampuni moja hupishana hivyo, ndiyo maana sarafu hupitiwa na zaidi ya mmoja kabla ya kupewa namba. Chukua la chini unapopanga bei yako ya mwisho na la juu unapofungua mazungumzo.

Mmoja akisema safi na mwengine akasema imesuguliwa, simama. Rudi na lenzi mahali alipopataja. Ukipaona, basi alipata yeye, hata kama kauli ya yule wa kwanza ni tamu zaidi. Usipopaona baada ya kutazama kwa taa tofauti siku tofauti, hapo sarafu inastahili kufikiriwa safari ya kampuni.

Wote wakikubaliana na mwenye duka aliyekupa daraja la chini tangu mwanzo, nalo ni jibu. Watu wetu tuna tabia ya kuendelea kuuliza hadi tumpate wa kutufurahisha.

Hatua ya nane: kampuni, na hesabu yake

Majina mawili yanayotambulika zaidi kwa sarafu za dunia ni PCGS, iliyoanzishwa 1985, na NGC, ya 1987. Zote ni za Marekani, zina pia vituo Ulaya na Asia. Huipima sarafu, huifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye daraja na namba ya utambulisho, na mnunuzi yeyote anaweza kuihakiki namba hiyo kwenye tovuti yao. Kutoka hapa, wengi hupitia kwa mfanyabiashara wa nje aliyesajiliwa au kwa nyumba ya mnada, ambazo nyingi huipeleka sarafu kupimwa kwa niaba yako na kukata gharama baada ya mauzo. Kwa sarafu moja, njia ya mnada mara nyingi ndiyo nyepesi.

Hesabu ifanye kabla. Jumlisha ada ya kupima, usafiri wa kwenda na kurudi, bima, na ushuru unaoweza kutozwa ikirudi. Kisha tafuta bei za sarafu kama yako *zilizouzwa*, kwenye kumbukumbu za minada zilizo wazi mtandaoni; bei inayoombwa na muuzaji si ushahidi wa kitu. Angalia kama bei iliyochapishwa ina ada ya mnunuzi ndani yake, kwani hiyo haiji kwako. Tuseme sarafu yako kwa daraja la chini huuzwa 400,000 na kwa daraja la juu 550,000, na gharama zote za kuipima ni 300,000. Ukishinda umepata hasara, ukishindwa umepata hasara zaidi. Pesa nyingi za shaba za Barghash zitaangukia hapa. Riyali ya fedha, za dhahabu, na za 1908 zilizo katika hali nzuri ndizo zinazoweza kubeba gharama hiyo, na kwa hizo uthibitisho wa uhalali una thamani kuliko namba yenyewe.

Kabla ya kutuma, uliza masharti ya sarafu na madini ya thamani kwa huyo anayekusafirishia, na uyapate kwa maandishi, kwani wengi wana makatazo au viwango vya bima. Tangaza kilichomo kwa ukweli. Bima inayolipa kwa "zawadi ndogo" italipa zawadi ndogo. Na kwa kitu cha umri mkubwa, ulizia kwanza kwa wahusika wa mambo ya kale kama kinahitaji kibali cha kutoka nchini. Jibu lao liweke pamoja na risiti.

Ikiwa tayari imo ndani ya kasha

Kuna walionunua au kuletewa sarafu iliyokwisha kupimwa, na hawaamini daraja. Kwanza ihakiki namba, na ulinganishe picha ya kampuni na sarafu yako, doa kwa doa, si aina kwa aina tu: makasha ya bandia yapo na hubeba namba za kweli. Tazama mishono ya plastiki na uchapaji wa lebo.

Ikiwa kasha ni halali, usilivunje kwa hasira. Unaweza kuomba kampuni ileile ipime upya, au kuiomba kampuni nyengine iihamishie kwake ikiwa bado ndani ya kasha la zamani, ukiweka daraja la chini kabisa unalolikubali. Isipofika hapo hurudishwa ilivyokuja. Soma vizuri kama huduma uliyoichagua inaweza kushusha daraja, kwa sababu nyengine zinaweza. Na kasha la kampuni usiyoisikia kwa mtu mwengine yeyote lichukulie kama kasha tu: fuata hatua za juu kana kwamba sarafu iko wazi.

Siku ya kuuza

Nenda na karatasi moja: picha, uzito, madaraja uliyopewa bila majina ya waliokupa, na kasoro zilizotajwa. Mwache mnunuzi aseme daraja lake kwanza. Likikaribiana na lako, zungumzeni bei. Likiwa chini sana, muulize lile swali la nne, akuoneshe mahali. Akipaonesha na ukapaona, sikiliza. Asipopaonesha, kunja kitambaa chako na umuage vizuri. Mji ni mdogo, mtaonana tena.

Usiiache sarafu dukani kulala "ili aje mtu aitazame". Ikiwa hapana budi, andikishianeni: uzito wake, picha ya pande mbili, siku ya kurudishwa, na sahihi zenu wote wawili, nawe uchukue nakala.